Koti la Toi

Miaka saba nimeandika sentensi moja:
Tunasikitika kukuarifu.
Ghorofa ya tisa, Upper Hill, dirisha lisilofunguka,
feni ikizungusha hewa ya jana.
Mama wa Kayole, mumewe kaanguka mjengoni: tunasikitika.
Kijana wa bodaboda, chuma ndani ya paja: tunasikitika,
fomu ya tatu haikupigwa muhuri.
Nilikuwa hodari. Nilizawadiwa kikombe
chenye jina langu, Mghoi, wakasahau herufi ya h.

Koti nililipata Toi, Jumamosi ya Julai,
wakati baridi ya Nairobi huingilia mikono ya sweta
na kukaa humo kama mpangaji asiyelipa.
Aliitisha elfu na mia mbili. Nikampa mia nane.
Usiku, chini ya bitana iliyochanika,
vidole vyangu vikagusa karatasi:
tikiti ya tramu, mji wa Ghent,
saa tatu na dakika kumi na nne asubuhi
ya siku ya mtu nisiyemjua.
Nikakaa kitandani, koti mabegani,
nikawaza: mimi, mwenye miguu miwili na akiba ya Sacco,
nimezidiwa safari na koti.

Ubalozi unataka barua ya mwajiri,
ithibitishe una kazi, na kwamba utairudia.
Basi nikamwomba Bwana Nyagaka aandike kuwa ananihitaji
ili nipate kumkimbia.
Akaandika. Aya mbili, wino wa buluu.
Nikaipeleka Westlands, nikaacha vidole kumi kwenye kioo
na uongo mmoja ndani ya bahasha.

Wiki tatu. Kisha karatasi moja, visanduku, alama ya tiki.
Mstari wa kwanza niliujua kabla ya kuusoma.
Nilicheka chooni mpaka Syombua akagonga mlango.
Halafu sikucheka tena.
Nikashuka kulitafuta faili la mama wa Kayole.
Limeshapelekwa ghalani, wakaniambia, Industrial Area,
huko hata panya huomba kibali.

Siku hiyo hiyo niliandika barua fupi kuliko zote nilizowahi kuandika:
Naacha kazi.
Sikusikitika kumwarifu mtu.

Mama alipiga simu kutoka Wundanyi.
Peke yako? Unamfuata nani huko?
Simfuati mtu, mama.
Basi unamkimbia nani?
Nikanyamaza. Akanyamaza. Muda wa maongezi ukaliwa.
Kisha: chukua soksi nzito.

Ombi la pili nimeliandika kwa mkono.
Sina mwajiri, nimesema.
Nitarudi kwa sababu zamu yangu ya chama ni Desemba
na Bi. Rukia hasahau hela;
kwa sababu mpapai nyuma ya nyumba, Kangemi,
umezaa mara ya kwanza, matunda manne, machungu kidogo;
kwa sababu naota kwa lugha
ambayo kwenu hakuna wa kuniamkia nayo.
Nataka tu kupanda tramu moja, asubuhi,
bila mtu wa kunisubiri mwisho wa reli.
Labda watacheka. Labda kuna karani huko
mwenye kikombe kilichokosewa jina.

Bado hawajajibu.

Leo saa tatu na dakika kumi na nne
nilikuwa chini, barabarani, nimevaa koti,
nikihesabu madirisha kwenda juu hadi la tisa.
Sikujua jua hufika upande huu wa jengo.
Sikujua kuna mjakaranda pale kwenye ukuta wa benki,
na mtu hufagia maua yake kila siku, na kila siku yanaanguka.
Muuza mayai akanitazama toka kichwani hadi miguuni.
Leo umechelewa kazi, madam.
Nikamwambia aongeze kachumbari.