Kitabu cha Nne, Mdomo Mwingine

Mimi sisomi kwa macho. Macho yana kazi:
kanzu kumi na saba za Ijumaa, kofia mbili za viua,
na pasi ya makaa isiyomsamehe anayegeuka kutazama.
Nasoma kwa masikio. Simu imeegemea kopo la wanga,
kisikizi kimoja ndani, sikio la pili nimewaachia wateja.

Hapa Makadara wanajua: dobi Mwinyihaji akisimama ghafla,
pasi juu, mdomo wazi,
kuna mtu amekufa. Si wa mtaani. Wa sura ya kumi na moja.

Nina maoni. Sikuulizwa, lakini ninayo.

Vitabu vya mazimwi visomwe na mtu mwenye njaa kidogo.
Akisoma aliyeshiba, zimwi huwa mjomba tu
amekuja kukopa sukari.
Vya mapenzi, sitaki msomaji anayehema;
kuhema aniachie mimi, na joto hili la Februari.
Vya safari za nyota (nasikiliza, ndiyo, mnacheka nini?)
visomwe kikavu, kama mtu anayesoma bili ya stima.
Ajabu haihitaji kupigiwa debe.

Na vya upelelezi, Mola wangu,
msomaji asimjue muuaji!
Kuna mmoja, kila mpishi akiingia jikoni
sauti inamnyong'onyea, inatambaa, inanuka hila.
Sura ya pili haijaisha nikamwambia Fumo wa vipuri, "Ni mpishi."
Saa tisa zilizobaki nilikuwa nawangojea polisi wanifikie.

Wale wanaume wanaobana pua wakisema maneno ya wanawake,
hao hata nisiwataje. Marehemu mamangu
alikuwa na sauti ya kumsimamisha hamali ng'ambo ya barabara.

Kisha lugha. Bi kizee wa Kuze anamwita mjukuu wake,
na mwandishi, Mungu amlinde, kaandika: "Ndoo, mwanangu."
Msomaji akasoma ndoo. Ya maji.
Ulimi haukugusa meno hata kidogo.
Nikamwona kijana wa watu anageuka plastiki, mpini na kila kitu.

Lakini Mwanakombo Dele.
Vitabu vitatu vya Inspekta Mwakio alivisoma yeye,
na hakujigeuza mwanamume, alishusha sauti tu,
kama mtu anayeshusha mzigo kwa adabu,
na kila mara mtu alipotaka kusema uongo
aliacha nafasi ndogo. Pumzi nusu.
Zile siku za figo za mke wangu, benchi la hospitali, mbu,
Mwanakombo alinisomea hadi adhana ya alfajiri.
Daktari alipotoka akasema, "Yuaendelea vyema,"
nilisikiliza kwanza kama kuna pumzi.

Ilikuwapo.

Sasa kitabu cha nne kimetoka, na mdomo ni mwingine.
Lenjo fulani. Sauti nzuri, sikatai,
ya kuuzia magodoro.
Inspekta wangu, mjane, mwenye viatu vya kuvuja,
anaongea kana kwamba kuna punguzo hadi mwisho wa mwezi.
Nilizima dakika ya sita. Nikawasha. Nikazima.
Fumo akasema, "Si hadithi ni ile ile?"
Nikamuuliza: mkeo akija nyumbani na sauti ya jirani,
utasema chai ni ile ile?

Leo nimewasha tena, kwa ubishi tu.
Bi kizee wa Kuze karudi, mjukuu yuko mlangoni na damu kwenye shati,
nikajikaza, nikasema haya, ilete ndoo yako,
na Lenjo, polepole, ulimi ukigonga meno,
akasema: "Ndoo."
Njoo ya mtu aliyewahi kuitwa hivyo na mwenye kumpenda.

Nilisimama. Pasi haikusimama juu.

Kanzu ya Maalim Shee nitailipa, kesho nitamwambia mwenyewe.
Huyu Lenjo simpendi bado.
Zimebaki saa saba na dakika ishirini.