Jiko la Kampemba

Lilivuka Tunduma, likavuka Nakonde,
likalala Kasumbalesa siku tisa juani,
na mimi, wakala wa forodha, mtu wa mihuri,
niliyewatolea wenzangu majokofu na magodoro,
nikajipigia hesabu mwenyewe, nikajionea huruma.
Jiko zima: makabati sita, sinki la chuma,
oveni ya umeme yenye macho manne,
na skrubu katika kifuko ambacho baadaye kilipotea.

Mwenye lori aliinua noti yangu juani.
"Hii ina jino," akasema.
Mpasuko mdogo kama ukucha wa mtoto mchanga.
Lubumbashi husamehe mengi,
si dola iliyochanika.

Fundi Musonda alikuja na pima maji na redio.
Akaegemeza pima maji ukutani, kiputo kikakimbilia kona.
"Mukubwa, huu ukuta iko inalala."
Basi tukachomeka nyuma ya makabati
vipande vya mbao, kadibodi, kalenda ya mwaka juzi,
hadi ukuta ukakubali.

Siku ya tatu, kichwa chake kikiwa ndani ya kabati, akauliza:
"Na bibi? Atakuya lini?"
Kwetu Tukuyu bibi ni mama wa mama.
Nikajibu kama nilivyolelewa:
"Bibi alifariki. Zamani. Alikuwa mtu wa kucheka."
Nyundo ikanyamaza.
Musonda akatoka kabatini, akavua kofia yake ya sufu,
akanishika mkono kwa mikono miwili.
"Pole, mukubwa. Na ungali kijana."
Nikashukuru, nikistaajabu
jinsi watu wa huku wanavyolilia mabibi wa wenzao.

Jioni nikampigia mama.
Mtandao ulikata maneno kama mkasi wa cherehani.
"Mama, nimepata jiko!"
Kimya.
Kisha kigelegele kilichoniziba sikio,
kisha shangazi, kisha kuku akatajwa, kisha mbuzi,
kisha salio likaisha.
Nina miaka arobaini na moja.
Alikuwa na haki.

Siku ya kuwasha, umeme ukaondoka saa kumi na mbili kasoro.
Nilisimama mbele ya macho manne yaliyofumba.
Hodi:
Mama Kapinga wa nyumba ya pili na wenzake wawili wa kanisani,
vitenge vimekazwa kiunoni,
na mbabula yenye makala mekundu.
Hawakuuliza. Waliitua katikati ya marumaru mapya,
wakasonga bukari, wakapasha sombe,
wakaketi sakafuni chini ya makabati yangu
wakizungumza kwa sauti za msibani.

"Aliitwa nani?" Mama Kapinga akauliza.

Tonge lilikuwa njiani kwenda mdomoni.
Hapo ndipo nikaelewa.
"Tusekile," nikasema,
maana ndilo lililokuwa jina la bibi yangu.
"Tusekile," wakarudia, mmoja baada ya mwingine,
na jina likakaa vizuri midomoni mwao,
miaka kumi na tisa tangu liitwe mara ya mwisho
kwa ajili ya chakula.

Sikusahihisha. Ningeanzia wapi?
Kule mimi ni bwana harusi, hapa ni mgane,
na droo ya vijiko bado haifungi.

Saa tisa usiku umeme ukarudi bila hodi.
Jokofu likakohoa, nikaamka.
Sufuria ya Mama Kapinga ilikuwa kando ya sinki, imeoshwa,
na chombo cha watu hakirudi kitupu.
Ulikuwapo mchele wa Kyela, kilo mbili,
uliosafiri kutoka kwa mama ndani ya oveni,
umefungwa kwa khanga ili usipige kelele mpakani.

Nikawasha jicho moja.
Likawa jekundu polepole
kama mtu anayejaribu kukumbuka.
Nikasubiri maji yachemke, miguu mitupu, sakafu baridi,
nikitafuta maneno ya kumwambia mama
kuhusu yule mbuzi.