Daftari la Magari

Tulirudi kutoka Mbale siku ya Ijumaa,
baba kiti cha nyuma, nyonga imetiwa chuma,
mfuko wa dawa mapajani mwangu.
Hospitalini walinifundisha kidonda na bandeji,
mkongojo ushikwe vipi, tarehe ya kurudi.
Habari za tumbo hakuna aliyenigusia.

Siku ya nne akaacha kula.
Uji wa ulezi aliutazama
kama mtu anayetazama barua ya deni.
"Nimeshiba," akasema.
Ameshiba nini?
Tumbo limewambwa kama ngozi ya ngoma.
Nikamuuliza, akageukia ukutani.
Mzee wa miaka themanini na miwili
hamwambii binti yake neno kama hilo.

Ndipo nikakumbuka steshoni.
Miaka thelathini na mmoja, Tororo, chini ya lile jabali,
Yokonia Owor aliandika kila gari lililoingia:
saa ya kutarajiwa,
saa ya kufika,
sababu ya kuchelewa.
Nikanunua daftari dukani kwa Hadija,
nikachora safu tatu kwa rula ya mwanangu,
nikaliacha juu ya blanketi, nikaenda kuchambua mchicha.

Niliporudi alikuwa amevaa miwani.
Mwandiko unatetemeka, lakini ni ule ule, umelala kulia:
*Gari la mizigo. Siku nne. Limekwama kabla ya daraja.*

Basi tukapata lugha.
Nesi Akiror akaja na baiskeli yake, akasoma, hakucheka.
Akainua kichupa cha vidonge vya maumivu:
"Hivi ndivyo vinavyofunga reli."
Akampigia daktari simu palepale uani, kuku wakimzunguka.
Wakapunguza kimoja, wakaongeza dawa ya maji, tamu kama asali.
Papai asubuhi. Maji, kikombe baada ya kikombe.
Na kutembea: mlangoni hadi kwenye tangi la mvua,
tangini hadi mlangoni,
mimi nyuma yake kama behewa la mwisho.

Kaka yangu Obbo akapiga kutoka Kampala:
"Mpe mafuta ya nyonyo, mengi!"
Nikamwambia aje ayanyweshe mwenyewe.
Akatuma pesa.

Gari liliingia usiku, saa tisa,
bila honi, bila taa,
na mabehewa yake yote.
Sitaeleza shuka.
Nilichemsha maji, nikaleta beseni, sabuni ya mche,
nikamuosha macho yangu yakiwa kwenye kalenda ya kanisa,
nikisoma Aprili, Aprili, Aprili, ingawa ulikuwa Juni.
Yeye alijifunika uso kwa kofia yake ya reli.
"Hii ni kazi ya mama yako," akasema ndani ya kofia.
"Mama hayupo, baba. Inua mguu."
Akainua mguu.

Kulipokucha likaja jingine, na la tatu kabla ya chai.
Nikakoroga maji ya chumvi na sukari, nikaiweka kando ile dawa tamu,
Akiror akarudi, akambana ngozi ya mkono kuona kama amekauka.
Jioni baba alikunywa uji nusu kikombe,
akalalamika kwamba hauna ndimu.
Sijawahi kufurahia lalamiko hivyo.

Amelala sasa. Shuka zimeanikwa,
na mawingu yanajikusanya upande wa Malaba.
Nimelifungua daftari nijaze ya leo,
nikakuta ameshajaza, amerudi hata nyuma,
hadi kwenye zile siku nne za mwanzo.
Safu ya tatu, niliyokuwa nimeiacha tupu,
chini ya *sababu ya kuchelewa*,
ameandika kwa wino, bila kutetemeka:
*Aibu.*

Nimekaa nalo magotini.
Kisha nikaona tone la kwanza limeanguka kwenye ukurasa,
nikakimbilia shuka.