Chuma cha Remei

Siku ya Mtakatifu Yosefu, mjini Falset,
Remei hutia chuma motoni mapema,
kile cha mviringo, mpini mrefu,
alichokifua mkwewe mwaka wa theluji kubwa.

Maziwa yamelala na mdalasini na ganda la limau.
Viini vya mayai saba vimeyashika,
yametulia bakulini, manjano, kimya,
kimya kama Eudald na Roc mezani,
ndugu wa tumbo moja,
mwaka wa nne hawasemezani
kwa ajili ya shamba la lozi.

Sukari inanyunyizwa. Chuma kinashuka.
Chwaa!
Moshi unapanda hadi kwenye picha ya marehemu,
na harufu ile inayoukaribia uchungu
isiufikie.

“Msiguse. Ngojeni igande.”
Wanangoja. Maneno hawana, vijiko wanavyo.

Roc anagonga kwanza: ka!
Sukari inapasuka kama barafu ya kidimbwi
walichokikanyaga utotoni,
mmoja akazama hadi kiunoni,
mwenzake akamvuta kwa sikio.

Eudald anacheka kabla hajajizuia.

“Sikio bado linauma,”
asema Roc, mdomo umejaa.

Remei anawapa mgongo, anaosha chuma
ambacho, wote wanajua,
hakioshwi.