Herufi D

Nyamisi Majura ameingia kibandani kwangu Makoroboi
na laptopu iliyofungwa kwenye khanga,
khanga ndani ya ndoo, ndoo na mfuniko wake.
"Feri inarusha maji," anasema. Hajanisalimu bado.

Anaiweka kati ya bisibisi na chai iliyopoa.
"Sidii inaingia. Haisomi."
Haisomi? Ingekuwa heri. Haijaribu hata kusoma.
Nafungua Kompyuta Yangu: C ipo.
Nachomeka flashi yangu, inaitika: E.
Pale katikati, palipokuwa na D, hewa.
Kama mkeka wa watoto alfajiri: unahesabu, mmoja hayupo,
na wenzake wamelala tu.

Nabonyeza kitufe cha ubavuni.
Trei inatoka taratibu, kama ulimi mbele ya daktari.
Kitaa cha kijani kinawaka.
Basi umeme inapata. Habari ndiyo haifiki.
Mlango unafunguka na kufungwa mbele ya macho yetu
na mwenye nyumba anaapa hana mlango upande huo.

"Kama baba mdogo," anasema Nyamisi,
na hapo ndipo anakumbuka kunisalimu.

Kwenye ile sidii: kikao cha ukoo, Nansio,
siku ya kuanua matanga ya baba yake.
Mpiga picha alilipwa arekodi pilau na machozi.
Akamrekodi pia baba mdogo Bwire, soda mkononi,
akitamka kwamba shamba la kando ya mwalo ni la binti huyu.
Sasa Bwire hakumbuki soda wala shamba.
Baraza la kata ni Alhamisi. Leo Jumanne.

Nazima, nawasha. Tusidanganyane,
nusu ya kodi ya kibanda hiki hulipwa na kuzima na kuwasha.
Hakuna.
Naingia kwenye orodha ya vifaa, namwambia atafute upya. Hakuna.
Nashuka kwenye sajili, kule programu za kuchoma sidii,
hata zikishafutwa, huacha mistari miwili ya kuziba njia;
naifuta kwa mkono mzito
(niliwahi kuua mashine ya mwalimu wa Bwiru hivi hivi).
Nawasha. Hakuna.
Napanda juu kabisa, kabla Windows haijaamka,
kwenye skrini ya bluu isiyojua kupamba maneno.
Hata huko: nafasi ya pili, tupu.

Basi si maneno. Ni mwili.

Skrubu moja tu, chini ya tumbo.
Navuta, draivu nzima inatoka kama droo,
na mle ndani, kwenye meno ya shaba,
"Hao ni wa kwetu," anasema.
Wadudu wa ziwa. Wale wa mwezi mchanga,
wanaopanda juu ya maji kama moshi wa tanuri
kisha wakatua kwenye taa, kwenye ugali,
kwenye kinywa cha anayecheka.
Wamekauka, wamegandamana.
"Nachapaga barua za watu usiku. Taa ni hiyo skrini tu."

Spiriti. Mswaki wa mtoto. Napuliza,
nairudisha hadi isikike: tk.

Nawasha.
C.
D.
Miaka kumi na minne ya kazi hii na bado nashusha pumzi
kwa ajili ya herufi moja.

Sidii inazunguka, inakohoa, inazunguka.
Kwanza analia mbuzi. Kisha sufuria.
Kisha anasimama mtu mnene na soda ya chungwa.
Nyamisi hamsikilizi. Kidole chake kiko ukingoni mwa picha,
kwa msichana mwenye sare ya shule
anayewamiminia wazee maji ya kunawa, haitazami kamera.

"Anasema hata sikuwepo," anasema.

Nakili ya kwanza flashi, ya pili flashi nyingine,
ya tatu anataka ibaki kwangu.
Elfu nane, namwambia.
Anatoa elfu tano na mfuko wa furu wakavu,
na mimi, Mungu anisamehe, kukataa furu sijui.