Mapato ya Siku ya Kwanza

Miaka kumi na tisa nimehesabu matofali ya watu wengine
kiwandani, nje kidogo ya Kutaisi,
hadi tanuri lilipozimwa, kila mmoja akakabidhiwa
bahasha na ua la plastiki.
Ndipo nikanunua daftari, nikapiga mstari katikati:
kushoto kinachotoka, kulia kinachoingia.
Kushoto kulijaa usiku uleule.

Kodi ya miezi sita. Rangi. Balbu.
Rafu za msonobari, kazi ya Nodari seremala,
ambaye hajashika kitabu tangu atoke jeshini
na alinipimia kimo chake kwa kiganja.
Kiganja chenyewe ni kama sepetu.
Rafu zangu zina nafasi ya paka kupita
juu ya vichwa vya mashairi.

Dada yangu Tsiuri alilisoma daftari akiwa amesimama,
hata koti hakuvua:
"Manana, mji huu wa mvua watu hawanunui mwavuli,
wewe utawauzia karatasi?"
Sikumjibu. Nilikuwa najumlisha.

Chumba kilikuwa cha fundi saa, marehemu Grigoli.
Hatua sita kwa nne. Ukutani unyevu
wenye umbo la nchi nisiyoijua.
Nilisugua wiki nzima; kila kulipokucha
nchi ile ilirudi, imeongeza jimbo.
Mwishowe nikaitundikia ramani ya dunia,
ipakane na wenzake huko.

Na chini ya meza yake, droo iliyokwama:
saa ishirini na tatu, kila moja na kikaratasi shingoni,
jina, tarehe, ugonjwa.
"Inachelewa." "Hukimbia usiku." "Ilianguka kisimani."
Mali bila daftari tunajua inakoishia,
lakini langu halikuwa na safu ya vitu hivi.
Nikazilaza kwenye mkebe wa biskuti, nikarudi kwa vitabu:
magunia matatu ya mwalimu wa jiografia aliyehama,
vya maktaba ya reli, na mihuri yake,
na vipya arobaini, kwa mkopo, kutoka Tbilisi.
Hivyo nilinawa mikono kabla ya kuvigusa.

Mchora bango alisahau herufi moja.
Akaja kuichomeka bure, nyembamba,
imejibana kati ya wenzake kama aliyechelewa ibada.

Siku ya kufungua ilinyesha.
Mto Rioni ulipita na rangi ya tofali.
Saa tatu. Saa nne. Nikapangusa pasipo na vumbi.
Tsiuri akaleta mkate wa jibini wa wageni,
tukaula sisi.

Saa sita kasoro, mlango ukalia.
Mzee, kofia inachuruzika,
akazitazama rafu kama mtu atazamavyo
nyumba ya jirani iliyopakwa rangi asiyoulizwa.
"Grigoli yupo?"
Nikamwambia.
Akavua kofia, maji yakamwagikia sakafu yangu mpya.
Sikujali. La, nilijali kidogo.
"Nilimwachia saa ya mke wangu.
Mwaka wa tatu huu. Niliogopa kuijia
nikaikuta imepona."

Mkebeni: Bidzina. "Husimama saa kumi."
Nikaitia ufunguo. Ikatembea.
Akatoa pochi, nikatikisa kichwa;
sina bei ya kazi ya marehemu.
Mvua ikamzuia. Akachomoa kitabu kilichokuwa karibu,
cha ufugaji wa nyuki, akasoma wima,
saa ameibana sikioni.
Ukurasa wa kumi na moja, akainua macho:
"Pensheni ni Jumanne. Usikiuze."

Nikakifunga kwa kikaratasi kilekile,
jina lipo tayari, kwa mwandiko wa Grigoli.
Nilichofuta ni ugonjwa tu.

Usiku nikafungua daftari. Kulia: sifuri.
Tsiuri ananichungulia begani, kwa mara ya kwanza kimya.
Nikaandika chini kabisa, pasipo na safu:
zimebaki saa ishirini na mbili.