Daftari la Fundi

Kiuno cha Aminieli nakijua kumshinda mkewe:
thelathini na mbili alipoajiriwa chama cha kahawa,
thelathini na sita alipopewa kiti cha kuzunguka,
arobaini na moja aliponunua gari;
Kiborloni hapo, haendi tena kwa miguu.
Mimi nafumua tu, naachia pindo.
Mama yake nilimshonea pia,
gauni refu la kufunika mguu usiokuwepo.

Leo kaja: "Fundi, punguza."
Nikampongeza.
Sijamaliza kupima, kamaliza chupa mbili za maji
na choo kauliza mara mbili.

Nikaishusha futi.
"Suruali itangoja. Nenda Mawenzi, wakutoboe kidole."

Alipotoka nikabaki na cherehani,
miaka ishirini na sita ya kukaa.
Nikajizungushia futi.
Daftarini sikuandika.